Mwekezaji kasema ataleta ajira 400, hebu zihesabu kwanza kabla hujapiga makofi

Hii nawaandikia watu wa shehia za Zanzibar, hasa vijana na akinamama wa ukanda wa pwani, Nungwi, Matemwe, Paje, Makunduchi, na kule Pemba watu wa Makangale na Micheweni, ambako siku hizi kila ukikaa kidogo unasikia kuna mgeni kaja kuangalia kiwanja. Mtaitwa mkutano skuli. Viti vya plastiki, maji ya chupa, kuna mtu wa wilaya, kuna sheha, kuna bwana wa kampuni na laptop yake anaonesha picha ya bwawa la kuogelea, alafu mwisho inatajwa namba. Ajira 400. Watu makofi. Namba hiyo ndio nataka tuishughulikie, mana mara nyingi wala si uongo, ila ndani yake mmechanganywa vitu vinne vitano ambavyo havifanani, na weye unaondoka pale ukidhani ni watu 400 watakaoamka kila asubuhi kwenda kazini na mwisho wa mwezi wanapokea mshahara, miaka nenda miaka rudi.

Mie nimekaa upande wa stoo na manunuzi hotelini kwaiyo nitaegemea hoteli zaidi, lakini njia ni hiyo hiyo hata kama anayekuja ni wa kiwanda.

Kinajengwa kipya au kinabadilisha mkono?

Swali la mwanzo kabisa na watu hawaliulizi. Wachumi wanaposema uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje wana maana mgeni kashika angalau asilimia 10 ya kampuni na ana sauti kwenye kuiendesha, hicho ndio kipimo wanachotumia mashirika ya kimataifa ya IMF na OECD. Sasa angalia, mgeni akija akanunua hoteli ambayo ipo tayari, ile pesa inaandikwa uwekezaji kama kawaida, milioni kadhaa za dola, gazetini inatoka vizuri, lakini wafanyakazi ni wale wale waliokuwepo jana na pengine mwenye mali mpya anaanza na kupunguza. Hapo ajira mpya ni sifuri, au chini ya sifuri. Kwaiyo ukisikia dola usizigeuze ajira kichwani, ni vitu viwili mbali mbali.

Na hata kikijengwa kipya, inategemea kinajengwa nini. Nyumba za kuuza, zile apatimenti, zinakula pesa nyingi na kontrakta anachukua vijana wengi wakati wa kujenga, zikishauzwa wanabaki walinzi, watu wa usafi, wa bustani na madalali. Hoteli inakula watu kila siku, kwa sababu kitanda kinatandikwa kila siku na sahani inaoshwa mara tatu. Kiwanda kinategemea mashine zake, kuna kiwanda cha watu 300 na kuna kiwanda kikubwa kushinda hicho cha watu 25. Uliza mapema.

Igawe hiyo namba

Tuchukue mfano, namba hizi nazitunga mie ili tufahamiane tu, za kwenu mtazipata kwa kuuliza. Hoteli ya vyumba 80, kampuni imesema ajira 400.

Uliza ngapi za ujenzi na ngapi za baada ya kufungua. Tuseme wanajibu 260 za ujenzi, miezi 18, na 140 za kuendesha hoteli. Hapo tayari picha imebadilika. Zile 260 ni za siku ambayo saiti imejaa, wakati wa kumwaga zege, si kila siku ya hiyo miezi 18, wakifika kwenye rangi na vigae wanabaki wachache. Na mafundi wa vigae na umeme mkubwa kontrakta mara nyingi anakuja nao mwenyewe.

Alafu zile 140 nazo zigawe. Tuseme 15 ni nafasi za juu, meneja, mpishi mkuu, mhasibu mkuu. Tuseme 55 zinataka cheti au uzoefu, risepsheni, jikoni, baa, fundi wa eyakondishna, spaa. Zinabaki 70 ambazo mtu wa kijiji anaweza kuanza bila cheti, bustani, ulinzi, kufua, kuosha vyombo, kubeba mizigo, kufagia ufukwe, na hausikiping kwa kufundishwa palepale. Sasa njoo kwenye msimu. April na Mei mvua za masika, wageni hakuna, hoteli nyingine zinafunga kabisa na nyingine zinabaki na nusu ya watu. Wanaoambiwa nendeni nyumbani tutawaita kwa kawaida hawatoki kwenye zile 15. Wakipumzishwa 40 kutoka kwenye zile 70, kazi za mwaka mzima kwa mtu wa kijijini asiye na cheti ni 30.

Kutoka 400 mpaka 30. Na hakuna aliyedanganya mtu.

Sisemi 30 ni kidogo, kwenye kijiji chenye nyumba mia tatu watu 30 wenye mshahara ni kitu kikubwa, duka linauza, watoto wanavaa yunifomu. Nasema mkubaliane na mradi mkiijua namba ya kweli, mana ardhi mnayoitoa itakuwa imeshatoka. Kwetu tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ni mali ya umma na mgeni anakodishwa tu, lakini ukodishaji wenyewe ni wa miaka mingi, mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima na mkataba bado unatembea.

Kitu kingine, sikiliza kama wametia humo ajira zisizo za moja kwa moja. Hizi zipo kweli, dereva wa taksi, mvuvi, fundi seremala, papasi wa ufukweni, yaani kijana anayewatafutia watalii huduma, mama anayeuza chapati getini kwa wafanyakazi. Ila kuzihesabu ni kukisia, mtu anachukua ajira za moja kwa moja anazidisha kwa mbili au tatu basi. Hakuna anayeweza kumshika mwekezaji kwa ajira ya dereva ambaye hamjui. Ziandike pembeni, usizijumlishe.

Toa zile zitakazopotea

Hapa ndipo wanaume kwenye mikutano wanapita haraka na akinamama wamekaa nyuma kimya. Nenda ufukweni maji yakiwa yametoka, siku za bamvua, utaona vigingi vimepangwa mistari na kamba zimetandwa, na kila kamba ina taitai ndogo ndogo zilizofungiwa mwani. Mama anafunga, baada ya wiki sita hivi anavuna, anaanika, anauza kwa kilo. Kilimo hiki cha biashara kilianza kwetu 1989 huko Paje na Jambiani, na sasa sehemu kubwa ya mwani inatoka Pemba. Hana mkataba yule mama, hana peisilipu, kwaiyo kwenye karatasi ya mradi hayupo. Hoteli ikija na kusema vigingi vinaumiza wageni miguu, au boti zao zinapita hapohapo, ile ni kazi imeondoka na hakuna aliyeiandika popote.

Fanya hivi: kabla ya mkutano, watu wawili watatu wapite kuandika nani anafanya nini kwenye kipande hicho. Wanawake wangapi wa mwani, wangapi wanaokwenda kwenye pweza, vidau vingapi vinaegeshwa, dago, yaani kambi ya wavuvi wageni wanaokuja kila mwaka, lipo wapi, njia ya kushukia pwani ni ipi. Alafu muwe wakweli. Kuna akinamama walioacha mwani wenyewe kwa sababu bei ni ndogo, au kwa sababu maji yamekuwa ya moto na ule mwani wa bei nzuri, kotoni, unakufa. Hao usiwatie kwenye hesabu ya mradi. Waandike wale ambao mradi ndio utakaowaondoa. Wakiwa 35, basi zile kazi 30 za mwaka mzima zimeshafutika kabla ya kuanza, isipokuwa mkubaliane vigingi vibaki na boti zipite kwengine, jambo ambalo linawezekana kabisa likisemwa mapema.

Muda wa ujenzi ndio muda wa kusoma

Hili ndilo naona tunapoteza zaidi kushinda yote. Kutoka siku ya mkutano mpaka hoteli kufungua ni mwaka mmoja na nusu, miwili, mara nyingine zaidi. Vijana wanautumia muda huo kusubiri tangazo libandikwe getini, likibandikwa limeandikwa kwa Kiingereza na linataka cheti na uzoefu wa miaka miwili, watu wanarudi nyumbani wanasema wamechukuliwa watu wa Bara na Wakenya. Mtu wa Bara hahitaji kibali cha kazi, ni Mtanzania, tusipoteze nguvu hapo, yeye kaja na cheti na weye huna, hiyo ndio habari yenyewe.

Kwaiyo siku ya mkutano muombe orodha ya zile nafasi 55 kwa majina, wapishi wangapi, mafundi wangapi, risepsheni wangapi, lini wataanza kuajiri. Ukishaijua orodha unajua nani apelekwe wapi. Mafundi, umeme, mabomba na friji, kuna vituo vya mafunzo ya amali Mwanakwerekwe na Mkokotoni, na kwa Pemba Vitongoji. Utalii na hoteli SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wana kampasi Maruhubi, Jambiani pana chuo cha utalii kimewekwa kijijini kabisa, na Mji Mkongwe pana chuo cha Kawa. Lugha nayo inategemea hoteli ni ya wageni gani, Kiwengwa mtu mwenye Kitaliano anapata kazi mbele ya mwenye cheti, na siku hizi Wapolandi wamejaa. Muulizeni mwekezaji wageni wake watatoka wapi, ni swali dogo na jibu lake linamwambia kijana asome nini.

Na muombeni alipie nafasi za masomo za vijana wa shehia wakati anajenga. Kwa mtu anayejenga kwa mamilioni ya dola ada ya vijana kumi haimuumizi, na yeye mwenyewe inamfaa, mfanyakazi anayelala nyumbani kwao hahitaji kujengewa bweni.

Bweni limenikumbusha gari. Ikiwa mnataka binti zenu na wake zenu wapate hizo kazi, ulizeni usafiri wa usiku. Shifti ya jioni inatoka saa tano usiku, dala hakuna, kapande bodaboda na mtu usiyemjua upite msituni. Nimeona wasichana wazuri kwa kazi wanaacha ndani ya miezi mitatu kwa hilo tu, nyumbani wameanza maneno, na maneno yanaanza kwa sababu kafika saa sita na nusu usiku. Gari ya wafanyakazi ikiwepo nusu ya hayo maneno yanakwisha. Iandikwe kwenye makubaliano kama sharti.

Usisahau yai

Mwaka 2024 waliingia Zanzibar wageni zaidi ya laki 7. Wote hao wanakula mayai asubuhi. Mayai, nyanya, viazi, matango, maembe, samaki, sabuni ya kufulia, mito, viti vya makuti. Hoteli moja ya kawaida inaweza kulisha familia nyingi kwa manunuzi kushinda kwa mishahara, tatizo pesa hiyo inapanda boti inarudi Bara, au inakwenda nje kabisa, kwa sababu hapa hatuwezi kuleta mzigo ule ule, kila wiki, kwa ubora ule ule.

Nikueleze stooni inavyokwenda. Sapulaya anafika asubuhi na mapema, mzigo unawekwa kwenye mizani, mpishi anakuja anaangalia. Nyanya zilizopondeka zinarudi. Mkulima wa kijijini kaleta kilo 40, nzuri sana, wiki inayofuata kaleta kilo 15, wiki ya tatu kazima simu kwa sababu kuna harusi. Wa Bara anapiga simu mwenyewe siku moja kabla kuuliza oda. Na kuna karatasi: hoteli inataka risiti halali na invoisi, na inalipa baada ya siku 30, mara nyingine 60. Mkulima mmoja mmoja hawezi kukaa siku 60 bila pesa. Ndio mana nasema jiungeni ushirika hata wa watu 15, mfungue akaunti, mpangiane zamu ya kupanda ili mzigo usikatike, na mwende kuongea na meneja manunuzi wakati jengo bado halijaezekwa. Anzeni na kitu kimoja mnachokiweza, mboga za majani au mayai, msijifanye mtaleta kila kitu. Na kwenye makubaliano ombeni jambo moja tu, walipwe ndani ya siku 14 wakulima wa shehia. Hiyo peke yake itawainua kushinda semina kumi.

Viwanda vya maeneo huru

Kwa watu wa Fumba na Micheweni, yaliyotengwa kuwa maeneo huru ya uchumi, yaani ya viwanda na biashara vinavyopewa unafuu wa kodi, tangu 1992. Mfano unaotajwa sana ni Mauritius, kisiwa kama sie, walitunga sheria ya viwanda vya kusafirisha nje 1970, wakaja watu wa Hong Kong na wengine, wanawake kwa maelfu wakaingia kwenye viwanda vya nguo. Inatajwa kama muujiza. Lakini mfumo wa dunia wa kugawana soko la nguo ulipokufa mwanzo wa 2005 viwanda vingi vikahama au vikapunguza watu, mana kazi ya cherehani inaweza kupakiwa kontena ikapelekwa nchi ya bei rahisi. Costa Rica nao Intel walitangaza 2014 wanafunga sehemu ya kuunganisha chipu, watu kama 1,500 kazi basi. Waliobaki na kitu ni wale waliokuwa wamejifunza ujuzi unaotakiwa na kampuni nyingine. Kwaiyo kwa kiwanda swali lako kubwa ni nitajifunza nini humu ambacho naweza kutoka nacho. Hoteli haiwezi kubebwa, mchanga uko hapa, ila nayo inafungwa, 2020 tuliona wenyewe wakati wa korona.

Yaandikwe wapi

Mradi wa mgeni unapita ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, na sheria ya uwekezaji inayotumika ni ya 2023. Kwenye maombi yake kampuni inaandika mtaji na idadi ya ajira inazotarajia, kwaiyo ile namba ipo kwenye karatasi, muombeni sheha na diwani wafuatilie ni ipi, na kama inafanana na mliyoambiwa skuli. Sehemu ya pili ni tathmini ya mazingira inayosimamiwa na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa na wananchi wanatakiwa kuulizwa. Watu wanadhani pale ni kuongelea miti na matumbawe tu. Athari za kijamii zimo, mwani umo, njia ya pwani imo. Semeni pale, mana yakishaingia kwenye ripoti yana uzito kushinda maneno ya mkutanoni.

Na mkutano wenyewe mtu wenu aandike muhtasari. Tarehe, nani alisema nini, nafasi ngapi, lini. Usomwe kabla watu hawajatawanyika, mtu wa kampuni atie saini, kopi moja abaki nayo sheha na moja kamati ya kijiji. Akikataa kutia saini nayo ni taarifa.

Ukishaipata kazi

Hapa nitapita haraka. Dai mkataba wa maandishi na uweke kopi yako. Jihadhari na ule mtindo wa kibarua cha miezi mitatu kinachohuishwa kila mara, mwaka wa tatu bado weye ni mgeni kazini. Peisilipu iangalie mshahara wa msingi, usidanganyike na jumla. Kuna sehemu msingi umewekwa chini kabisa alafu sevisi chaji, pesa ya huduma wanayolipa wageni, ndio inajaza, miezi ya wageni unafurahi, masika sevisi chaji hakuna, na ZSSF yako, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, inakatwa kwenye ule msingi mdogo. Hiyo ZSSF nenda mwenyewe afisini kwao na kitambulisho waombe taarifa ya michango, mana kukatwa kwenye karatasi na kupelekwa ni mambo mawili. Kima cha chini kinatangazwa na serikali na kinabadilika, ulizia cha sasa.

Nafasi za juu zikikaliwa na mgeni, huyo anahitaji kibali cha kazi na vibali vina muda. Kila kinapohuishwa ndipo pa kuuliza nani anafundishwa kuichukua nafasi hiyo. Ukiwa na miaka minne jikoni, mwambie meneja kwa barua, si kwa mdomo, kwamba unataka kuwa naibu wa mpishi mkuu na unaomba mafunzo. Kopi ya barua weka.

Ukinyimwa haki, sheria ya ajira ya kwetu ni ya 2005 na mlango wa kwanza ni afisi ya Kamishna wa Kazi, wana usuluhishi kabla ya mahkama. Nenda na mkataba, peisilipu zote na majina ya wenzako waliokuwepo, na usikae nyumbani miezi mingi ukingoja hasira zishuke, mana madai ya kazi yana muda wake wa kufungua.